Wakapuchini wa Dublin nao wakumbukwe

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo. Makala yenu kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Ireland inasema Kanisa Katoliki liliwapa kisogo wapigania jamhuri. Ukiwatazama maaskofu, ni kweli. Lakini makala nzima haina jina la Mkapuchini hata mmoja, na hapo ndipo iliponiuma. Wakapuchini, watawa wa familia ya Mtakatifu Fransisko, tunawajua. Wale wa Uswisi waliingia Dar es Salaam mwaka 1921. Mwaka huohuo Padre Dominic O'Connor, ndugu yao wa shirika kutoka Cork, alikuwa mfungwa katika gereza la Parkhurst, Uingereza, kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi.

Nyumba yao ya Dublin iko Church Street. Aprili 1916, mapigano ya Pasaka, yaani uasi wa Waireland dhidi ya utawala wa Uingereza, yaliwazunguka pale pale walipoishi, na ukumbi wao wa Father Mathew Hall ukageuka mahali pa kutibia majeruhi. Baada ya Patrick Pearse, kiongozi wa uasi, kusalimu amri, Padre Aloysius na Padre Augustine walipita kwa makamanda wa waasi kupeleka habari ili risasi zinyamaze. Kisha zikaja siku za gereza la Kilmainham, Dublin. Kuanzia tarehe 3 hadi 12 Mei waasi 14 walipigwa risasi katika gereza lile. Alfajiri ya kwanza, Padre Aloysius aliyekuwa amewahudumia Pearse na Thomas MacDonagh alitolewa nje kabla ya wao kupigwa risasi. Hakukubali. Alilalamika kwa wakubwa wa jeshi kwamba padre hamwachi mtu njiani saa ile, na waliofuata wakaruhusiwa kuwa na padre mpaka mwisho. James Connolly, msoshalisti aliyekuwa mbali na Kanisa kwa miaka mingi, aliungama kwa Aloysius na kupokea Komunyo. Tarehe 12 alipigwa risasi akiwa amekalishwa kitini kwa sababu ya jeraha la mguu, na Aloysius alikuwapo.

Mpaka hapo hakuna aliyewalaumu. Kumhudumia anayeuawa na serikali ya kigeni ni kazi ambayo kila Mkatoliki wa Ireland aliielewa. Mtihani wenyewe ulikuja pale serikali ilipokuwa ya Waireland, na maaskofu wakiwa upande wake.

Juni 1922 wapinzani wa Mkataba wa 1921 kati ya Ireland na Uingereza walikuwa wamejifungia katika jengo la mahakama la Four Courts, karibu kabisa na Church Street. Mizinga ya serikali mpya ilianza tarehe 28. Padre Albert Bibby na Padre Dominic walikuwa humo ndani pamoja nao hadi waliposalimu amri tarehe 30. Oktoba ikaja barua ya kichungaji ya maaskofu: wanaoendelea kupigana na serikali mpya wasiondolewe dhambi kitubioni, wala wasipewe Komunyo. Mwezi uliofuata serikali ilianza kuwapiga risasi wafungwa, na hesabu inayotajwa zaidi ni 77.

Siwabezi maaskofu wale. Waliona nchi changa ikimalizwa na watoto wake, na walikuwa na haki ya kusema vita hivyo ni dhambi. Nakiri pia kwamba Padre Dominic alivuka mpaka ambao mimi nisingependa padre auvuke. Alikuwa kasisi wa brigedi ya wapigania jamhuri wa Cork, na Desemba 1920, wakati wa vita dhidi ya Uingereza, Askofu Cohalan wa Cork alipotangaza kuwatenga na Kanisa wanaovizia na kuua, yeye aliandika kwamba tangazo lile haliwagusi wanaopigana kwa mamlaka ya Jamhuri. Hiyo ni siasa, hata ikivaa kanzu.

Ila kitubio ni jambo jingine. Mtu wa miaka ishirini aliyefungiwa selo, anayejua atauawa kesho, akiambiwa kwanza atie saini kuikubali serikali ndipo aungame, sakramenti imegeuzwa kuwa cheti cha uraia. Kwa imani yangu hakuna askofu mwenye ruhusa ya kuigeuza hivyo. Albert na Dominic waliingia Four Courts kwa sababu ndani mlikuwa na watu ambao huenda wangekufa. Mchungaji hahitaji sababu nyingine.

Wote wawili waliishia Marekani, mbali na watu wao. Albert alifariki California Februari 1925. Dominic alitumikia parokia za Oregon hadi alipofariki mwaka 1935. Mwaka 1958 miili yao ilirudishwa Ireland na kuzikwa Rochestown, Cork.

Naomba toleo lijalo liwataje kwa majina: Aloysius, Augustine, Albert na Dominic. Na pale makala iliposema "Kanisa", iandikwe "maaskofu".

Msomaji wenu,
Morogoro