Achana na hiyo i7, mwanangu

Mwanangu, niaje huko Moro?

Voisi yako nimeisikiliza jana nikiwa kwenye daladala ya Mbagala, nimebanwa mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, dakika sita nzima unaongelea kompyuta ya kuchezea gemu tu, hata siku ya harusi yako hukuongea hivyo. Nimeona nikuandikie badala ya kukutumia voisi na mimi, maana haya mambo ukiyasikia tu yanapita, na nakujua vizuri, ukifika dukani utaishia kununua ile inayowaka taa nyingi.

Kwanza hongera kwa zamu yako ya upatu kufika. Milioni na laki mbili kwa mpigo sio mchezo. Ila naomba kitu kimoja, usimtajie muuzaji hiyo namba hata akikuita bosi mara kumi, akishajua unayo hiyo basi kila mashine dukani kwake itageuka kuwa ya milioni na laki mbili.

Sasa ile picha uliyonitumia. Dell OptiPlex 9020, prosesa (ubongo wa mashine) Core i7, ramu (kumbukumbu ya muda) GB 8, laki nne na nusu, jamaa kakwambia "hii ya gemu kabisa bosi". Mwanangu, hiyo i7 ni 4770, kizazi cha nne, imetoka 2013. Elfu mbili na kumi na tatu! Watu wetu wakishaona stika ya i7 wanaona wamemaliza, kumbe hilo ni jina tu, ni kama mtu kuitwa Sultani, haina maana ana jumba. Kuna i3 moja inaitwa 12100F, ya mwaka 2022, ina kora 4 na thredi 8, yaani vichwa 4 vya kazi na njia 8 za kupitishia kazi, sawasawa na hiyo i7 yako, na bado inaiacha mbali vibaya mno. Kwa hiyo ukiambiwa i7 we uliza namba inayofuata baada ya kile kimstari. Ikianza na 4 ni kizazi cha nne, 8500 ni cha nane, 12100 ni cha kumi na mbili. Muuzaji akianza kukwepa hilo swali ushajua.

Halafu angalia tena picha, hicho ni kile kimashine chembamba, kile cha kulaza chini ya monita benki. Humo kadi ya grafiki ya kawaida, ile inayochora picha za gemu, haiingii, zinaingia zile za kimo nusu tu, ambazo ni za kutafuta na tochi na ukizipata bei imechangamka. Mimi yalinikuta haya na HP ya mtumba, nimenunua kadi nzuri kabisa, nimefika geto nimefungua, kadi imetokeza juu kama sentimita tano hivi, nimekaa nayo kitandani nawaza niazime msumeno nikate kasha. Usicheke. Na hata ile 9020 iliyosimama, kubwa, bado ina kero yake, ile plagi ya umeme kwenye mazabodi, ubao mkubwa unaobeba kila kitu, ina matundu 8 badala ya 24 ya kawaida, siku ukitaka kubadilisha powasaplai, kile kiboksi cha umeme, uanze kuhangaika na adapta.

Na kuna Windows. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha nane huku ikitaka na TPM 2.0, kile kichipu cha usalama. Najua mafundi wanaipachika kwenye mashine za zamani kwa njia za panya na inafanya kazi, ila dogo wako si anataka lile gemu la Valorant? Valorant kwenye Windows 11 inakagua TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa mashine inapowaka, isipovikuta inagoma, na hapo ndo utaanza kunipigia simu saa tano usiku.

Sasa nikusimulie kitu ambacho sijawahi kukwambia kwa sababu kilikuwa aibu. Unakumbuka ile PC yangu ya kwanza niliyokuwa naipost kila siku halafu ghafla nikanyamaza? Nilijichanga nikanunua kadi ya RX 580, nzuri tu, nikabaki na hela kidogo nikasema aa kasha na powasaplai ni mabati tu, nikachukua vyote viwili pamoja kwa elfu tisini, stika imeandikwa 500W kwa herufi kubwa za dhahabu. Wiki tatu nikala raha. Usiku mmoja niko FC 24, gemu la mpira, dakika ya themanini na kitu, naongoza mbili moja, screni ikazima, kukawa kimya, halafu ikaja ile harufu, unaijua harufu ya nailoni ikiungua? Hiyo. Powasaplai ilikufa na mazabodi ikaondoka nayo. Fundi alivyoigeuza akanionyesha maandishi madogo ambayo mimi sikuwahi kuyasoma, kwenye mstari wa 12V ilikuwa imeandikwa 16A. Chukua 12 zidisha kwa 16 unapata 192. Yaani ule mstari unaolisha prosesa na kadi, ambao ndo wenye kazi yote, ulikuwa na wati 192 tu, hizo nyingine za kufika 500 sijui walizitoa wapi, na RX 580 peke yake ikikaza inakula kama wati 185. Nilikuwa namlisha tembo kwa sahani ya chai.

Toka siku hiyo mimi nikishika powasaplai dukani naipima uzito mkononi kwanza kama mama anavyopima papai, kisha naigeuza nasoma 12V. Nzuri ina uzito. Ikiwa nyepesi kama boksi la biskuti irudishe juu ya meza usiongee sana.

Kwa hiyo ufanyeje. Nimezungusha hesabu wiki nzima, na wiki iliyopita nilipita Kariakoo nikaulizia bei kimya kimya. Ukitaka kuunga mwenyewe kipande kwa kipande, ile 12100F na mazabodi ya H610, ramu 16, SSD (diski ya kisasa yenye kasi), powasaplai ya kueleweka, kasha na kadi ya mtumba, nimefika milioni moja na laki tatu na nusu na hapo hujanunua hata maus. Ndo mashine ninayoipenda zaidi nisikufiche, maana hiyo unaikuza, leo kadi ndogo mwakani kadi kubwa. Ila kinachoua ni ramu. Ramu zimepanda toka mwishoni mwa mwaka 2025 kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye yale mashine ya AI, wanaolipa vizuri ni wao, sisi wa kucheza mpira tunagombania makombo. Kipande kilichokuwa cha kuongezea tu sasa hivi kinataka bajeti yake.

Ndo maana kwa hela yako nakwambia chukua mashine ya ofisi, ila sio hiyo. Tafuta HP EliteDesk 800 G4 au Dell OptiPlex 7060, ile inayosimama, kubwa, sio nyembamba, narudia SIO NYEMBAMBA, yenye i5-8500. Hiyo i5 ni ya 2018, ina kora 6, inaipita i7 ya 4770 na stika yake yote, na Windows 11 inaingia kihalali. Nilitajiwa laki tano nikaishusha mpaka laki nne na sitini bila kutoa jasho. Na hapohapo dukani mwambie akuwekee ramu 16 kabla hujalipa, maana kwake ni kuchomoa kwenye mashine nyingine, ukienda kununua kipande peke yake unalia. Zikae mbili za 8, sio moja ya 16, zikiwa mbili zinafanya kazi sambamba na kwenye gemu unaliona hilo.

Kadi sasa. Powasaplai za hizo mashine za ofisi mara nyingi ni ndogo, wati 250 au 260 hivi, lakini ni za kweli, sio za herufi za dhahabu. Ndo maana kadi lazima iwe ile inayokula umeme wa sloti tu, yaani tundu la mazabodi inapochomekwa, sloti inatoa wati 75, na hapo jibu lako ni GTX 1650 ya 4GB. Ila angalia, kuna 1650 zilizotengenezwa na tundu la kuchomeka waya wa ziada wa umeme, hizo ziache, chukua ambayo haina. Kwa laki tatu hivi unapata iliyotumika. GTA V, ambayo kwenye PC imekuja 2015, itakuwa ni uji tu. FC 24 wenyewe walitaja kadi ya GTX 1050 Ti kuwa ndo kima cha chini, na 1650 iko juu ya hiyo.

Na hapo kwenye 1050 Ti fungua macho sana. Kuna kadi za kizamani mno zimebandikwa jina kwa ndani, zinadanganya mpaka Windows, ukichomeka inakuandikia 1050 Ti kabisa, fungua gemu ndo unaona maajabu. Mimi kuna jamaa aliniletea moja kwenye boksi jipya linanukia, nikaigeuza nyuma nikaona tundu la VGA, lile la bluu. Nikamrudishia nikamwambia asante kaka. 1050 Ti ni kizazi ambacho Nvidia walishaachana na VGA, ukikuta hilo tundu kaa nayo mbali. Na njoo na flashi yenye GPU-Z, ni kiprogramu kidogo tu, unakifungua na kama kadi ni feki ya Nvidia kinakuandikia neno FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikukatalia kuchomeka flashi, jibu umeshalipata bila hata kufungua.

Kuhusu monita, usinunue. Ile TV yako ya inchi 32 inatosha kwa kuanzia. TV nyingi za saizi hiyo ni 1366 kwa 768, maandishi hayapendezi ukikaa karibu nakubali, lakini kwa kadi ndogo hiyo ni neema maana ina vidoti vichache vya kuchora kuliko 1080p ya Full HD, gemu linateleza. Ingia kwenye setingi za TV utafute gemu modi uiwashe, bila hiyo utakuwa unabonyeza kupiga mpira unapigwa keshokutwa, halafu utasema kompyuta mbovu.

SSD chukua ya GB 500 hivi, usikubali uuziwe diski ya zamani, ile "hard disk", peke yake, ile waachie wenye picha za harusi. FC peke yake inakula kama 100GB. Na najua unachowaza, bando. Usithubutu kuishusha kwa bando la simu, utauza na kitanda. Mimi ninayo hapa, nitakuazima diski yangu ya nje, unanakili folda la gemu unaliweka kwenye Steam yako, ile programu ya kununulia gemu, Steam yenyewe inakagua inashusha vile vilivyopungua tu. Sharti uwe umelinunua kwa akaunti yako lakini, usinitafutie kesi.

Mpaka hapo piga hesabu, mashine laki nne na sitini, ya ramu tufanye elfu themanini, kadi laki tatu, SSD laki na ishirini. Imekuja laki tisa na sitini. Hiyo inayobaki usimwambie mtu, chukua UPS, kile kiboksi chenye betri ya kushikilia umeme ukikatika. Najua unaona ni kitu cha ofisi, ila huko kwenu umeme ukikatika na kurudi unarudi na hasira, mara tatu ndani ya dakika moja, na mimi nishazika mazabodi moja inatosha. Hata ikikupa dakika tano tu, unamaliza mechi unazima vizuri. Kibodi na maus chukua za elfu kumi na tano, za mataa utanunua ukishapata mtaji.

Ubaya wake nikuambie pia, usije kunilaumu. Hii mashine ukishaiwekea 1650 imefika mwisho wa reli. Hutaiongezea kadi kubwa mwakani kwa hiyo powasaplai, ukitaka kupanda tena unauza yote unaanza upya. Kama unaweza kuvumilia zamu nyingine ya upatu ndo uje tuunge ile ya 12100F, mimi ningevumilia. Ila nakujua we, na dogo likizo inaanza, hamtavumilia.

Basi njoo Jumamosi. Panda SGR ya asubuhi, mpaka saa nne unakuwa ushafika, nakupokea stesheni tunaingia Kariakoo jua halijawa kali. Vaa kawaida, usije na ile saa. Dukani mimi ndo naongea, we kaa nyuma ufanye kama umeletwa kubeba boksi. Na njoo na rula ya kupimia kasha na kadi, sitanii, ya sentimita thelathini.

Halafu na ile pedi yangu nyeusi ya kuchezea gemu uliyoondoka nayo Idi, ije.

Msalimie shemeji.

Mshkaji wako wa Mbagala