Akili mnemba ifundishwe hata pasipo kompyuta

Mhariri,

Naandika kuhusu kuwafundisha watoto misingi ya akili mnemba, baada ya jiji la Beijing, China, kuziagiza shule zake za msingi na sekondari kutenga angalau saa 8 kwa mwaka kwa ajili hiyo, kuanzia Septemba 2025. Hapa kwetu jibu huwa lilelile: tusubiri kompyuta. Sioni sababu.

Mashine ya akili mnemba hujifunza kutokana na mifano, kisha hukisia. Mwalimu wa darasa la nne anaweza kulionyesha hilo kwa majani tu. Awape wanafunzi majani makubwa ya mwembe na madogo ya mpera, watunge kanuni ya kuyatofautisha. Kisha awaletee jani changa la mwembe, dogo, bado jekundu. Kanuni yao italiita la mpera! Hapo mtoto ataelewa kwa nini programu iliyolishwa mifano finyu hukosea huku ikijiamini, jambo ambalo watu wazima wengi hatulijui.

Taasisi ya Elimu Tanzania iingize mazoezi ya aina hii katika somo la sayansi. Vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu vitumike kwanza kumnoa mwalimu mwenyewe.

Msomaji wenu,
Morogoro