Kabla Hamjaingia Majini: Barua kwa Mama Glory

Soweto, Moshi
Agosti, Jumapili jioni

Mama Glory mpendwa,

Habari za huko Sakina, Arusha? Baba Glory na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila mlima umejifunika wiki nzima na masweta hatuyavui hata mchana.

Ratiba ya meli uliyonitumia nimeisoma mpaka maandishi madogo ya chini. Mahé ya Shelisheli, Nosy Be ya Madagaska, kisha Unguja, mwezi wa kumi na moja. Shemeji yako amewapa zawadi ya maana. Umeuliza mlipie ziara zipi za kutazama samaki na mnunue vifaa gani, na mimi nitaanza na jambo ambalo karatasi ile haisemi.

Usichague ziara kwa ukubwa wa jina lake. Hesabu dakika utakazokaa uso ukiwa majini. Ziara ya muda wa saa sita huanza kuhesabiwa mnapokusanyika ukumbini melini. Kuna foleni ya kushuka, basi, boti, kugawiwa vifaa, chakula, na kurudi kwa njia ile ile. Chukua mfano wa Mnemba, kisiwa cha kaskazini-mashariki ya Unguja. Kutoka bandari ya Malindi, hapo mjini Unguja, hadi Matemwe au Muyuni ni zaidi ya saa moja barabarani, kisha boti, kisha purukushani ya kila mtu kutafuta mapezi ya miguuni yanayomtosha. Mkibahatika mtapata saa moja majini, tena katikati ya boti nyingine tele. Kisiwa chenyewe ni cha binafsi, kwa hiyo ufukweni hamtashuka. Mnemba ni pazuri, sibishi, lakini panamfaa zaidi anayelala kaskazini ya Unguja kuliko abiria wa meli.

Kwa siku moja ya bandarini, kisiwa cha Bawe kinafaa zaidi. Ni karibu na Mji Mkongwe, mnapanda boti hapo hapo mjini. Changuu nako ni karibu, ila kwa matumbawe hapavutii sana; watu huenda kuona kobe wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Ninyi mtakuwa mmeshawaona ndugu zao kule kule, kwa hiyo msipoteze muda. Bora kuliko zote kwa matumbawe ni kisiwa cha Chumbe. Imehifadhiwa tangu 1994, uzamiaji wa mitungi ya hewa hauruhusiwi, na wageni wa siku moja ni wachache kwa makusudi. Nafasi inawekwa mapema, na boti huondokea Mbweni, si Malindi. Ikiwa meli inakaa Unguja mpaka usiku, jaribuni Chumbe. Ikiwa inaondoka saa kumi na moja jioni, msijaribu.

Mahé ni rahisi. Hifadhi ya Sainte Anne, iliyoanzishwa mwaka 1973, ipo mbele ya bandari ya Victoria, safari fupi tu ya boti. Nosy Be meli hutia nanga nje na abiria hushushwa kwa boti ndogo kwa zamu, kwa hiyo chukueni namba ya zamu mapema. Pale nendeni Nosy Tanikely, kisiwa kidogo chenye hifadhi, kasa huonekana karibu na ufukwe.

Tena kuna suala la saa. Shelisheli wako mbele yetu kwa saa moja, Madagaska na Unguja ni sawa na Arusha, lakini meli hufuata saa anayoitangaza nahodha, ambayo inaweza isilingane na ya nchi kavu. Simu hujibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa nchi. Vaeni saa ya mkono iliyowekwa kwa saa ya meli, na msiiguse. Karatasi ikisema 16:30 ni saa kumi na nusu jioni. Ziara iliyouzwa na meli ikichelewa, meli kwa kawaida huisubiri. Mkikodi boti wenyewe, haitawasubiri, na kuifuata bandari ya pili ni kwa nauli yenu. Kwa boti ya kukodi, pangeni kuwa mmesharudi gatini saa mbili kabla ya muda wa mwisho.

Kwa Unguja, angalia mwandamo wa mwezi kabla hujalipa. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita nne. Siku za bamvua maji hukauka kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, yaani saa zile zile ziara nyingi zinapoingia majini. Utajikuta unaelea juu ya matumbawe na kifua kinakaribia kukwaruzwa. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, mambo ni kinyume, asubuhi ile kina ni kizuri. Kama siku yenu inaangukia bamvua, ombeni ziara ya alasiri au mwende mahali penye mteremko wa mwamba, siyo juu ya mwamba wenyewe. Novemba upepo wa kusi umeshachoka na kaskazi haijashika, bahari huwa tulivu, ila mvua ya vuli ikipiga usiku, maji ya karibu na mji huchafuka.

Sasa vifaa. Nunueni maski na snokeli zenu, yaani mirija ya kupumulia. Mapezi na majaketi okozi azimeni huko. Maski ndiyo kila kitu. Anayesema bahari imemshinda, mara nyingi maski ndiyo iliyomshinda. Dukani usitazame rangi. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeng'ang'ania, ni yako. Ikidondoka, rudisha rafuni hata kama bei imeshuka. Lazima iwe na nafasi ya pua. Miwani ya bwawani haifai, kwa sababu ukishuka hata mita mbili maji huikandamiza kwenye macho na huna pua ya kupulizia ndani kusawazisha. Zile maski zinazofunika uso mzima ziacheni kabisa: ukipaliwa haitoki upesi, na hewa uliyokwisha kuitoa inaweza kukurudia.

Maski mpya hutoka kiwandani na utando kwenye kioo. Usipouondoa, itaingia ukungu kila dakika. Sugua ndani kwa dawa ya meno nyeupe ya kawaida, siyo ya jeli, kwa kidole, mara mbili tatu, suuza. Siku yenyewe weka tone moja la shampuu ya mtoto, sambaza, suuza haraka, na lowesha uso kabla ya kuvaa, maana uso wa moto na kioo cha baridi ndivyo vinavyozaa ukungu. Kutoa hewa kwa pua pia huzaa ukungu.

Maji yakiingia, usikimbilie kukaza mkanda. Ukikaza sana, raba hujikunja na kuvuja zaidi. Kwanza tafuta nywele. Wewe na misuko yako, fungeni nywele chini ya kisogo ili mkanda ukae juu ya fundo, na unywele wowote wa kwenye paji la uso uondoke chini ya raba. Kilemba au ushungi, ukingo wake vile vile usiguse raba. Baba Glory na masharubu yake, mwambie ayanyoe au apake mafuta mazito ya mgando pale juu ya mdomo. Najua atachagua mafuta.

Snokeli ya kawaida inatosha, yenye kivalvu cha kutolea maji chini. Isizidi sentimita 40 hivi, na kamwe msiunganishe mrija uwe mrefu, kwa sababu hewa chafu uliyoitoa hubaki ndani na ndiyo utakayoivuta tena. Ing'ate polepole, midomo ndiyo izibe. Vuta taratibu, toa taratibu zaidi. Anayepumua upesi na juu juu hukusanya hewa chafu mwilini, mwili unadhani unakosa pumzi, hofu inapanda, anang'oa maski, anameza maji. Ajali nyingi huanzia hapo, mara nyingi pasipo wimbi lolote. Maji yakiingia mrijani, piga pumzi moja fupi kali kama unazima mshumaa kwa hasira, kisha vuta kidogo kwa tahadhari.

Haya yote myafanyie mazoezi kwenye chemchemi ya Chemka kabla ya kusafiri. Maji yake ni meupe na ya vuguvugu, utaona mpaka chini, na visamaki vya kukukuna miguu vipo vya kujizoeza navyo. Ingieni asubuhi ya siku ya kazi, kabla vijana wa kurukia majini kwa kamba hawajafika, na kaeni mbali na pale maji yanapotokea kwa kasi. Anzeni mkiwa mmesimama, uso tu majini, kwa dakika tano bila kwenda popote. Kisha jaza maji kwenye maski kwa makusudi, bonyeza ukingo wa juu, pulizia pua, yatoke chini. Rudia mpaka usishtuke. Ukiweza Chemka, baharini utaona nafuu, maana maji ya chumvi hukubeba zaidi.

Kwenye boti vaeni mapezi mmeketi ukingoni. Piga mguu kutoka nyonga, goti likilegea kidogo tu. Ukikanyaga kama baiskeli utachoka na hutasogea. Misuli ya kigimbi cha mguu ikikaza, nyoosha mguu na vuta ncha ya pezi kuelekea kwako.

Jaketi okozi livaliwe hata na anayejua kuogelea, na nendeni wawili wawili. Kabla ya kuondoka kwenye boti, acha kupiga mapezi uhesabu mpaka ishirini huku ukitazama chini. Kama sakafu ya bahari inasogea, kuna mkondo. Anzeni safari kwa kuukabili ili uwarudishe mkiwa mmechoka. Ukikuzidi nguvu usipigane nao: jaza jaketi hewa kama ni la kujazwa, elea, inua mkono mmoja na kuupunga. Kwa hiyo msimpungie mkono mtu wa boti kwa furaha, atadhani mnazama. Ukiwa salama, gusa utosi kwa ngumi. Glory akianza kutetemeka midomo, mtoeni, hata kama bahari ni nyuzi 28. Maji hunyang'anya joto mwilini upesi. Na asivute pumzi nyingi mfululizo ili azame muda mrefu, maana mtu huzimia humo bila kuhisi dalili.

Msiguse kitu, msisimame juu ya kitu. Tumbawe hukua polepole sana, na teke moja la pezi linavunja miaka. Mtu wa boti akianza kurusha mkate kuita samaki, mwambieni aache. Mkichomwa na vile viumbe vya mwambani vyenye miiba mirefu myeusi, au na samaki wenye miiba ya sumu, tiba ya kwanza ni ile ile: toa mwiba unaoonekana, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto huvunja sumu. Mtu mwingine ayapime kwa mkono wake, kwa sababu mguu wenye maumivu hausemi kweli. Kisha hospitali ya meli. Konyeza, yule mnyama laini wa baharini kama jeli, akiwachoma, siki, siyo maji baridi ya bomba, na msisugue mchanga. Wekeni chupa ndogo ya siki kwenye mfuko.

Jua: fulana ya mikono mirefu na taiti ni bora kuliko losheni, mgongo na nyuma ya magoti ndiko kunakoungua, na weusi wetu haututoshi. Kidonge cha kuzuia kulewa bahari kinywewe saa moja kabla ya boti, siyo mkishaanza kutapika. Pesa ndogo ya ada za hifadhi iwe taslimu.

Kama macho ya Baba Glory yanahitaji miwani, aniambie namba yake wiki hii. Maski za lenzi za namba huagizwa, na kutoka Dar huchukua siku. Nikija Arusha mwisho wa mwezi nitaleta yangu mjaribu kwanza ukubwa.

Wasalimie wote,
Wako,
Aikande