Shangazi, dona peke yake haitoshi

Shikamoo Shangazi.

Umeacha sembe, umehamia dona, na bado saa mbili baada ya kula kipimo chako cha sukari ya damu kinasoma 13 (mmol/L), yaani iko juu. Mashine haijakosea. Bonge la ugali ni lilelile, na unga umesagwa ukawa vumbi: pumba zimo, lakini wanga unageuka sukari upesi vilevile. Tena pumba za mahindi ni nyuzinyuzi (sehemu ya mmea ambayo tumbo haliisagi) zisizoyeyuka kwenye maji, zinasaidia choo kuliko zinavyosaidia sukari.

Unazozitaka ni zile zinazoyeyuka. Kata bamia uone ule utelezi. Tumboni utelezi kama huo unafanya chakula kiwe kizito, kishuke utumboni kidogo kidogo, na sukari iingie kwenye damu taratibu badala ya kumiminika. Maharage, kunde na choroko nazo zinazo. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina nyuzinyuzi gramu 6 hivi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau 25 kwa siku.

Kwa hiyo anza na mboga na maharage, subiri kama dakika kumi, ndipo umege ugali. Uwe saizi ya ngumi yako, si ya fundi seremala. Maharage yaloweke usiku kucha, maji yake umwage, na wiki ya kwanza ule robo kikombe tu, huku ukinywa maji ya kutosha. Ukiyavamia, tumbo litajaa gesi nawe utayalaumu bure.

Juisi ya embe ukishaichuja, kilichokuwa na faida kimebaki kwenye chujio. Uji wa ulezi nao, pamoja na sifa zake zote, unapandisha.

Kama unatumia dawa za kushusha sukari, yaani vidonge vya glibenklamaidi au sindano za insulini, usipunguze ugali kabla ya kuongea na daktari, maana dozi ilipangwa kwa bonge la zamani na sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Ukitetemeka na kutoka jasho, na kipimo kiko chini ya 4, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Usikimbilie embe wala maharage: nyuzinyuzi zitachelewesha sukari unayoihitaji saa hiyohiyo.

Pima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza, si tangu unawe mikono. Siku mbili ule chakula kilekile, kiasi kilekile. Siku moja anza na ugali, ya pili anza na mboga. Andika namba zote nne uende nazo kliniki.