Meya tunaye, ila hatumpigii kura

Zuhura shosti wangu,

Mambo? Nairobi baridi imeisha au bado mnatembea na majaketi? Huku upepo na vumbi tu, asubuhi nimefuta meza na saa hii nakuandikia ishakuwa nyekundu tena. Watoto hawajambo, wanakuulizia, hasa yule mdogo anayekuita Anti wa Biskuti.

Voisi yako niliisikilizia kwenye daladala nikacheka peke yangu mpaka konda akanigeukia. Eti "nyie Dodoma mna meya kweli au mlimuuza?" Unasema gavana wenu kila siku yuko kwenye taarifa ya habari, wa kwetu hujawahi kumwona hata sura na sisi ndio tunajiita makao makuu. Nikasema hili sio la voisi, ngoja niandike barua kabisa, maana wewe voisi ikizidi dakika mbili unaruka nakujua.

Haya. Meya tunaye, ana joho na mkufu wake kama kawaida. Ila hatumpigii kura. Sisi mwananchi wa kawaida, ukitoa karatasi ya Rais na ya mbunge, kwenye sanduku tunapewa ya diwani wa kata, basi. Jiji lina kata 41 (mbili zinaitwa Kikuyu, Kaskazini na Kusini, najua utacheka, lakini ndio jina lake tangu enzi na halina uhusiano na majirani zako), kila kata na diwani wake, halafu kuna madiwani wa viti maalum ambao wote ni wanawake, na wabunge nao wanaingia kama wajumbe, zamani tulikuwa na jimbo moja tu la Dodoma Mjini, 2025 likagawanywa tukapata na jimbo la Mtumba. Wote hao ndio Baraza la Madiwani, na wakikaa wao kwa wao ndio wanamchagua mmoja wao awe meya. Kwahiyo meya wetu ni diwani wa kata fulani kwanza, hiyo kata ikimnyima kura hata umeya hauoti. Sasa mtu aliyepigiwa kura na wenzake ukumbini atatoa wapi ubavu wa kusimama kwenye TV kila siku kama gavana aliyechaguliwa na mji mzima?

Afu utamu uko hapa: meya hasaini hundi. Anayeshika kalamu ni Mkurugenzi wa Jiji, na huyo anateuliwa na Rais. Wakuu wa idara, maafisa ardhi, watendaji, wote wanaripoti kwake, na baraza likikaa yeye ndio katibu. Meya anaendesha kikao, mkurugenzi anaendesha jiji. Nilipohamia kutoka Dar nilikuwa sijui tofauti, si unajua sisi wa Dar kazi yetu ni kulalamika tu hatujui tunamlalamikia nani, mpaka siku moja nikaenda kusikiliza kikao cha baraza, maana vile vya kila robo mwaka wananchi wanaruhusiwa kuingia wakakaa nyuma. Shosti, nilienda kwa kuzugia nikakaa masaa matatu. Diwani mmoja mama mtu mzima kavaa kitenge anasimama, "Mheshimiwa mwenyekiti, zahanati yangu imefika kwenye lenta mwaka wa pili sasa, nataka majibu," basi mtaalamu anainuka anafungua makabrasha anaanza kujieleza, jasho linamtoka. Wanaweza kumbana vile, wanaweza kukataa taarifa, wanapitisha bajeti na sheria ndogo, wana kamati zao, ya Fedha na Utawala mwenyekiti wake ni meya mwenyewe, kuna ya mipango miji, kuna ya huduma za jamii. Ila kumfukuza mkurugenzi hawawezi, aliyemleta yuko juu yao. Na bajeti wakishaipitisha inapanda mkoani, inapanda TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa, inaishia bungeni. Mishahara ya walimu na manesi inatoka serikali kuu hukohuko.

Na hapo sijakutajia DC na RC. Mkuu wa Wilaya ya Dodoma eneo lake ndio hilohilo la jiji, na juu yake kuna Mkuu wa Mkoa, wote wa kuteuliwa na Rais, wenyewe wanamwakilisha yeye, ulinzi na usalama uko kwao. Yaani eneo moja, meya, mkurugenzi, DC, na RC akiamka vizuri naye anapita sokoni. TAMISEMI yenyewe, ambayo ndio inasimamia halmashauri zote za nchi, iko hapahapa Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Sasa wewe uwe meya wa mji ambao bosi wa mabosi wako anakuona dirishani!

Usidhani imeanza jana. Mwalimu alizifuta serikali za mitaa zote 1972, wakaita madaraka mikoani, maafisa wakatoka juu kwenda mikoani na wilayani na mabaraza yakafa. Miji ikaanza kuoza taka na mitaro, 1978 ikabidi wazirudishe za mijini, na 1982 ndio zikatungwa sheria tunazotumia mpaka leo zikiwa zimetiwa viraka. Mimi naona ile hofu ya 1972 haijaisha, wamerudisha mabaraza ila kamba wameishika wao.

Dodoma ina kituko chake cha ziada. 1973 TANU walipoamua makao makuu yahamie huku wakaunda CDA, mamlaka ya kuustawisha mji, ardhi yote ya mji ikawa mikononi mwao. Kwahiyo mabaraza yaliporudi, kwa karibu miaka arobaini mji ulikuwa na wenyewe wawili, manispaa yenye madiwani lakini haina kiwanja, na CDA yenye viwanja lakini haina diwani hata mmoja. Baba mwenye nyumba wangu bado anahadithia, unampigia kura diwani, ukimfuata kwa habari ya kiwanja chako anakwambia hiyo nenda kwa wale. Na ukimilikishwa na CDA ni miaka 33, wakati kwingine watu wanapewa 99. Magufuli akaivunja Mei 2017, kazi zake zikaenda halmashauri. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Aprili, sherehe za Muungano zinafanyika uwanja wa Jamhuri hapahapa, akatangaza Dodoma ni jiji. Yule mzee anasema walishangilia, halafu jioni wakaulizana jiji maana yake nini.

Maana yake ya kwanza ilikuwa viwanja. Jiji lilipopata ardhi likapima, likauza, likapima tena, ikafika kipindi ndio linaongoza nchi nzima kwa mapato ya ndani, Dar na bandari yake inaangalia tu. Na wafanyakazi wa serikali walikuwa ndio wanahamia na kila mtu anataka kiwanja, hata mimi si unajua nilivyohangaika. Ila mwenzangu kiwanja unakiuza mara moja, hakikui kama kodi ya soko, ndio maana nikiona stendi mpya ya Nzuguni na soko la Job Ndugai na lile la machinga nasema angalau hivi vinaingiza hela kila siku. Kwenye hayo mapato ya ndani, asilimia 10 kisheria inatengwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi chetu cha akina mama watano ndio kwanza tulikuwa tunaandika katiba, Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima wapange utaratibu upya, ikarudi 2024, wawili wakawa wameshahama. Tumeanza upya, nikipata nafungua ile biashara ya mvinyo wa zabibu niliyokwambia, usicheke.

Kitu kingine cha kukushangaza ni vitu ambavyo jiji halina. Wewe lami ikitoboka Nairobi unamlaani gavana hata kama barabara sio yake. Hapa barabara za mitaani ziko TARURA, wakala wa serikali kuu, tangu 2017, maji ni mamlaka yake, DUWASA, polisi na zimamoto serikali kuu. Kodi ya jengo ndio kabisa, inakatwa kwenye LUKU, unanunua umeme unakuta 1,500 ya mwezi ishaondoka, na sio jiji lililoikata. Jiji linabaki na shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya, masoko, stendi, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, na taka. Taka! Mtaani kwetu kuna kikundi, jina silitaji, kilikula hela ya mwezi na gari hatukuliona wiki tatu, funza mpaka getini.

Na hizo taka ndio zilinifanya nimjue mtu ambaye kwangu mimi ndio serikali yenyewe. Wala sio meya. Mwenyekiti wa mtaa.

Zuhura, huyu ndio ungetakiwa kuniulizia. Jiji lina mitaa zaidi ya 200 na kila mmoja una mwenyekiti anayechaguliwa na wakazi wenyewe, mara ya mwisho ilikuwa Novemba 27, 2024. Hana mshahara, anapewa posho kidogo, na ofisi yetu ni chumba kimoja na benchi nje chini ya mwarobaini. Kuna mtendaji wa mtaa, huyo ni mwajiriwa wa jiji, anaandika na kutunza daftari, ila watu wanamfuata mwenyekiti. Unafungua akaunti benki, barua ya utambulisho kwake. Unaomba kitambulisho cha taifa NIDA, kwake. Unamdhamini mtu polisi, unauza kiwanja, umegombana na jirani kwa sababu ya mbuzi, kwake. Usiku saa tano mtu anagongewa dirisha na anatoka na kanga begani. Zile taka aliitisha mkutano wa mtaa jumamosi, tukakaa kwenye viti vya msiba, yule wa kikundi akaletwa akasimamishwa katikati, mama mmoja wa Kigogo akamuuliza kwa upole, mwanangu hela yetu umekula na nani? Watu wakacheka, yeye hakucheka. Jumatatu gari lilikuja.

Ndio nikakaa nikawaza swali lako nikaona wewe na mimi tunaishi kwenye miji iliyogeuziana migongo. Nyie tangu katiba ya 2010 mnachagua kuanzia juu, gavana wenu wa kura yenu, na wawakilishi wa wodi 85, ila ukishuka mlangoni kwako unakutana na chifu na msaidizi wake, watu wa kuajiriwa na serikali ya taifa, hukuwachagua na huwezi kuwatoa. Sisi juu wote wameletwa, ila mlangoni yuko mtu tuliyemweka sisi na akituudhi tunamngoja miaka mitano. Na nyie kumbuka 2020 ilivyokuwa rahisi, gavana aliyepigiwa kura na jiji zima akasaini ikulu kukabidhi afya, usafiri, mipango miji na ujenzi serikali kuu, mkaletewa jenerali wa jeshi awaendeshee hizo huduma kwa jina la NMS mpaka 2022. Kwahiyo na ya kwenu ina kamba yake, ni ndefu tu.

Ukiniuliza ningependa nini, ningependa meya tumchague wenyewe, kabisa, na huyo mkurugenzi baraza liweze kumwondoa. Ila nikiambiwa nipewe gavana nitoe mwenyekiti wa mtaa, hapana, nibakizieni mwenyekiti wangu na benchi lake.

Sasa na mimi nakuuliza, pale ulipohamia, chifu wako unamjua jina? Umewahi kumwona? Nijibu na usinitumie voisi.

Disemba ukija pitia Dar upande SGR, ni masaa matatu na nusu hivi uko hapa, nitakupokea stesheni na bajaji. Njoo na yale majani ya chai ya Kericho, haya ya huku yameniisha hamu. Na uje na kopi ya pasipoti, mgeni akilala kwangu zaidi ya siku mbili tatu inabidi nimpeleke kwa mwenyekiti akamwandike kwenye daftari. Atakuuliza maswali mengi kuhusu Nairobi, jiandae.

Wako wa siku zote,
Neema