Barua kwa mwanangu: ushajiandikisha?

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Anaandika mdogo wako, mimi nasema tu, kwa hivyo makosa ya herufi ni yake.

Ile sauti uliyotutumia Ijumaa kutoka huko Uingereza nimeisikiliza mara tatu. Ulisema u mzima, chumba kizuri, dirisha linatazama reli. Mimi nilikuwa nahesabu kikohozi: mara nne, na cha mwisho kina filimbi ndani yake. Filimbi ile naijua. Nilipokuuliza kama umeshajiandikisha kwa daktari wa mtaa ukanijibu "wiki ijayo, mama". Wiki ijayo hiyo sasa ina mwezi mzima.

Nimempigia kijana wa ami yako aliyeko Leeds. Kanambia Uingereza hungoji uumwe ndipo utafute daktari. Unajiandikisha ungali mzima, kliniki iliyo karibu na unapokaa, unajaza fomu, hata kwa simu, na hulipi kitu. Ukikosa karatasi ya kuonesha unapokaa, hiyo si sababu ya kukukataa. Wakikukataa, wakupe sababu kwa maandishi ndani ya siku 14. Basi usije ukaondoka pale mapokezi na haya zako, "ahsante, nitarudi". Wewe hata ukikanyagwa ndiye unayeomba radhi. Na pauni 776 za matibabu kwa kila mwaka wa viza tumeshazilipa, najua zimetoka mikarafuu gani. Huendi kuomba sadaka.

Jambo jengine. Ile fomu ya chuo niliyokwambia usiandike pumu, neno langu lile liishie pale pale. Siku ile nilikuwa nataka uende tu. Kwa daktari andika pumu, tena iwe ya mwanzo. Na mwambie umetoka Pemba. Ukishikwa na homa wakupime malaria, wasije wakadhani ni mafua ya baridi yao.

Zile pampu mbili za buluu nilizokutilia ndani ya soksi, kila moja ina mivuto 200. Zihesabu. Usiniagize nyengine kwa mtu anayekuja huko; daktari wako atakuandikia, na kwa dawa moja utalipa pesa zisizofika pauni 10. Ukijihisi vibaya usiku na hujui ufanye nini, piga 111. Ikikubana mpaka huwezi kumaliza sentensi, 999, wala usinipigie mimi kwanza. Yaliyokukuta Mkoani unayakumbuka mwenyewe.

Juzi mwalimu wako wa skuli kanisimamisha sokoni, akalitaja jina lako kwa sauti mpaka wauza samaki wakageuka. Nilifurahi, wallahi, nikasahau hata wale samaki changu niliokuwa nimeshawalipia. Lakini mtu wa daraja la kwanza kidato cha sita ndiye anayeshindwa na fomu ya daktari?

Baba yako anasema nakuandama. Yeye vidonge vya presha anameza siku akikumbuka, kwa hivyo usimtie maanani.

Karafuu mwaka huu zimezaa. Jana tumezichambua kutoka kwenye makonyo, vijiti vyake, mpaka saa tano za usiku, vidole vya mdogo wako vinanuka karafuu, na simu hii anayoandikia nayo inanuka. Leo tumezianika asubuhi, mvua ikatukuta tumekaa kula. Tumezikusanya mbio, lakini zikikosa jua kesho zitaharibika ziwe mpeta, na mpeta unajua bei yake. Majamvi mawili yametoboka.

Najua utataka kutuma pesa za majamvi. Usitume hata shilingi kabla sijaona picha ya karatasi ya kliniki yenye jina lako. Ikija pesa bila karatasi, nairudisha.

Mama yako