Warina asali: mazoezi Jumamosi na hela ya kamba

Habari za jioni wanakikundi, wazee wetu shikamooni. Msimu wa kurina ndo huo umefika na mizinga yetu mingi iko juu kwenye miti ya mitundu kule porini Sikonge, na mwaka jana mnakumbuka mwenyekiti wenu nilikamatwa na msuli wa paja nikiwa juu, moshi umezima, nyuki wamechachamaa, nikabaki nimekumbatia mti kama mtoto mgongoni kwa mama 😂 mwaka huu sitaki.

1. Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Mbio kidogo, kuchuchumaa na kuinuka, halafu tunaning'inia kwenye tawi la ule mwembe, maana mikono ndo inachoka kwanza sio miguu.

2. Kamba mpya, 5,000 kila mtu, mwisho Ijumaa jioni kwa mhazini. Ya zamani imeshalika pale kwenye fundo, mi siipandi tena jamani.

3. Wenye presha na wazee msipande, njooni tu mtushikie kamba.

Andika NAKUJA au SIJI kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, nijue chai ya watu wangapi.